Umeguswa pakingi? Jinsi ya kusimamia gharama za matengenezo usije ukalipa mara mbili

Nianze na yaliyonikuta maana ndo yamenifanya niandike haya yote. Nilikuwa nimepaki, gari nimezima, nipo ndani namsubiri mtu, jamaa akatoka rivasi akanigusa kona ya bampa ya nyuma. Kishindo hakikuwepo, gari ilitikisika tu. Nikashuka nikaona mkwaruzo wa urefu wa kiganja hivi, bampa yenyewe ishajirudia umbo lake, jamaa akaomba radhi kistaarabu akanitolea hela palepale, mi nikaona hii ni nyingi hata, tukapeana mikono kila mtu akashika njia yake. Wiki iliyofuata taa ya onyo ya sensa za nyuma ikagoma kuzima. Fundi kufungua bampa, ndani breketi ya plastiki imekatika vipande viwili, sensa moja imeng'oka kwenye kiti chake, na lile sponji gumu linalokaa nyuma ya bampa kupunguza kishindo limepasuka katikati. Hela niliyopewa haikufika hata nusu ya bili. Namba ya simu ya jamaa sina, picha sina, namba ya gari yake siikumbuki.

Kwahiyo kama utashika kimoja tu humu shika hiki: pale pakingi kubalianeni nani analipa na analipa kwa njia gani, lakini kiasi msikitaje mpaka gari ifunguliwe na mtu anayejua.

KABLA MAGARI HAYAJASOGEZWA

Kama kuna mtu ameumia, hata yule anayesema "mi niko poa" huku ameshika shingo, habari za hela weka pembeni kabisa, piga simu ya dharura, polisi waje. Hapo sio suala la kuelewana wenyewe tena. Haya ninayoandika ni ya magari kugusana na watu wote wazima.

Haya, watu wazima, magari bado yamekaa kama yalivyogusana. Washa hazadi, toa simu, piga picha kabla yeyote hajagusa usukani. Nyuma watapiga honi, utaambiwa "sogeza kwanza tutaongea", we omba dakika mbili tu. Anza kwa mbali, picha inayoonyesha magari yote mawili pamoja na mistari ya pakingi, mishale iliyochorwa chini na vibao vyovyote vilivyopo, alafu sogea upige namba za magari, tairi za mbele zimeelekea wapi (tairi zinasema gari ilikuwa inakata kwenda upande gani, mwenye gari akija kubadilisha maneno kesho picha itamjibu), alafu nenda karibu kabisa pale palipogusana. Malizia na video moja unazunguka gari zote mbili taratibu.

Kuna picha ambayo karibu kila mtu anaisahau. Gari ya mwenzako ipige yote, hata upande ambao haujaguswa. Kama we ndo umegonga, picha hiyo ndo itakuokoa siku bili inakuja na mlango wa upande wa pili umo ndani. Mkwaruzo wa zamani unajulikana, vumbi limekaa ndani yake, kama ni chuma kuna kutu, wakati mpya unang'aa na pembeni kuna unga wa rangi. Angalia na urefu kutoka chini: kona ya bampa yako iko usawa wa goti alafu kibonyeo anachokuonyesha kiko usawa wa kiuno, hicho sio chako, na ukisimamisha rula au hata chupa ya maji chini wakati unapiga picha utakuwa na ushahidi wa hilo.

Chukua jina, leseni, namba ya gari, kampuni ya bima na namba ya bima, vyote kwa picha maana kuandika kwa mkono unakosea ukiwa na presha. Namba ya simu usiishie kuiandika, ipigie palepale uone inaita. Kama kuna mlinzi au mtu aliyeona, omba na yake. Kamera za pakingi nazo uziulizie siku hiyohiyo, mifumo mingi inaandika rekodi mpya juu ya za zamani na baada ya muda video yako haipo tena. Wasipokupa nakala (mara nyingi watasema wanatoa kwa polisi au kwa bima tu) waombe kwa maandishi waihifadhi, taja tarehe na saa.

Na tafadhali, usimwachie mtu leseni yako halisi, kadi ya gari wala funguo kama dhamana. Nakala zinatosha. Nimeona mtu anahangaika miezi kuipata leseni yake toka kwa mtu ambaye kila siku anaongeza bei.

CHUNGA UNACHOSEMA, HATA KAMA KOSA NI LAKO

Hapa nataka nieleweke vizuri. Mpe mwenzako pole, muulize kama yuko salama, ongea naye kwa heshima, huo ni ubinadamu na mi siwezi kumshauri mtu akaushe uso. Lakini kumwambia pole ni kitu kimoja, na kusema "kosa ni langu nitalipa kila kitu" ni kitu kingine, na sababu iko kwenye mkataba wako wa bima. Mikataba mingi ina kipengele kinachokukataza kukiri kosa, kuahidi malipo au kulipa kabla kampuni haijakubali. Ukishalipa mfukoni alafu baadae bili ikakushinda ukakimbilia bima, wanaweza kukuambia ulishavuruga. Kipengele cha pili ni cha kutoa taarifa: mikataba mingi inakutaka uwajulishe ajali yoyote ndani ya muda maalum, hata kama hudai chochote. Kwahiyo unaweza ukapiga simu, ukasema "nimeguswa, natoa taarifa tu, kudai nitaamua baadae", na uombe namba ya kumbukumbu ya hiyo taarifa. Kuna kampuni nyingine taarifa yenyewe inaingia kwenye historia yako, waulize kabla hujaanza kutoa maelezo marefu. Mkataba unao kwenye barua pepe au droo, usome leo gari ikiwa nzima.

NANI ALIPE

Sheria zinatofautiana nchi na nchi lakini kwenye pakingi mambo mengi yanaangukia kwenye mifano michache. Gari imesimama imepakiwa vizuri, aliyekuwa anatembea ndo kawaida anabeba. Mmoja anatoka rivasi kwenye nafasi yake na mwingine anapita kwenye njia, mzigo mkubwa unamwangukia anayetoka, maana yeye ndo anatakiwa ahakikishe njia iko wazi, ila yule mwingine kama alikuwa anakimbia au anapita kinyume cha mishale anaweza akagawana naye. Wote wawili mmetoka rivasi mkakutana matako kwa matako, mara nyingi mnagawana. Umefungua mlango ukagonga gari ya jirani, ni wewe, hata kama yeye alipaki karibu sana.

Na kile kibao cha "paki kwa hasara yako" kinamhusu mwenye eneo, hakimfutii kosa dereva aliyekugonga. Watu wanakitumia kukwepa, usikubali.

Kitu kingine, eneo likiwa la mtu binafsi polisi wa sehemu nyingi hawaji kwa ajali ya mikwaruzo tu. Hiyo haimaanishi huna haki, bima bado inafanya kazi na picha zako zinakuwa na uzito zaidi.

JUA KILICHOHARIBIKA KWELI

Hapa ndo hela inapopotea kwa pande zote mbili, kuna wanaolipa kidogo kuliko uharibifu na kuna wanaolipishwa bampa nzima kwa kitu cha kufuta na polishi.

Anza na maji. Osha sehemu yenyewe kwa maji na sabuni, kausha, alafu angalia. Mara nyingi kile unachoita mkwaruzo ni rangi ya gari ya mwenzako imelala juu ya yako, chukua polishi ya kusugulia na kitambaa laini jaribu kipande kidogo, utashangaa inavyotoka. Kama haijatoka, pitisha ukucha kwa kukatisha mstari. Ukucha usiponasa, mkwaruzo uko kwenye klia tu, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, na hata ukiulowesha maji unapotea machoni kwa muda, huo unabafiwa na kuisha. Ukucha ukinasa umeshapita kwenye rangi, ukiona weupe au ujivu wa praima au chuma chenyewe hapo ni kupiga rangi. Ila usisugue kwa hasira, rangi yote ya kiwandani kuanzia chuma mpaka klia ina unene kama wa sehemu ya kumi ya milimita, ukisugua sana unaimaliza klia na bili inakuwa yako mwenyewe.

Kibonyeo kwenye mlango au fenda, swali ni moja: rangi imepasuka au haijapasuka? Kama haijapasuka, na kibonyeo hakina mkunjo mkali wala hakiko ukingoni kabisa mwa paneli, kuna mafundi wanaonyoosha kwa vyuma maalum kutokea ndani bila puti wala rangi. Kazi yao inaisha haraka, bei inakuwa chini sana ukilinganisha na kupiga rangi, na rangi yako ya kiwandani inabaki. Mi naona huyu ndo fundi wa kumtafuta kwanza kabla hujaenda kwa wa rangi, maana ukishafika kwa wa rangi atakwambia habari za rangi. Paneli ya aluminiamu ni ngumu zaidi kunyoosha hivyo usishangae akikuambia bei tofauti.

Bampa sasa. Bampa ya nje kwenye magari ya siku hizi ni plastiki inayonesa, inaingia ndani na kurudi, ndo maana inadanganya. Nyuma yake kuna sponji, nyuma ya sponji kuna chuma cha kupokea kishindo, pembeni kuna breketi na klipsi zinazoishikilia, alafu kuna sensa za kupaki, kamera, na kwenye gari nyingi mpya kuna rada kwenye kona za nyuma zinazoangalia gari iliyo pembeni usipoiona. Dalili za kuonyesha ndani kuna shida ni hizi: upenyo kati ya bampa na fenda umekuwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, ukisukuma kona inacheza, buti inagoma kufunga vizuri, taa imekaa ndani kidogo kuliko mwenzake, sensa zinalia wakati nyuma hakuna kitu au hazilii kabisa. Ukiona hata moja, kufungua ni lazima kabla ya kutaja bei.

Kama bampa imebonyea tu bila kupasuka, maji ya moto sana yakimwagiwa taratibu plastiki inalainika na unaweza kuisukuma kutokea nyuma ikarudi, inafanya kazi kweli. Vaa glavu usijiunguze, na usijaribu pale zilipo sensa.

Taa usiikubali haraka kununuliwa nzima. Mara nyingi kinachokatika ni zile masikio za kuifungia, na baadhi ya magari yana vipande vya kurekebishia masikio hayo peke yake. Kioo cha taa kikipasuka ni habari nyingine, maji yataingia na taa itakufa.

MAKADIRIO: ULIZA HIVI

Nenda gereji mbili au tatu, kila moja uliza maswali yaleyale, la sivyo utakuwa unalinganisha vitu visivyofanana alafu unachagua ya bei ndogo ambayo ndani yake kuna nusu ya kazi.

Omba karatasi iliyochanganuliwa, spea peke yake, ufundi peke yake, rangi na vifaa vyake peke yake, kufungua na kufunga peke yake. Mtu anayekuandikia namba moja tu chini ya "matengenezo ya bampa" huwezi kubishana naye kesho. Kwenye spea uliza ni mpya ya kampuni, mpya iliyotengenezwa na watu wengine, au used, zote tatu zinaitwa spea na bei zake hazikaribiani. Used kwa bampa mi sioni ubaya, hasa ukipata yenye kodi ya rangi sawa na yako (kodi ni ile namba ya rangi ya kiwandani, iko kwenye kibandiko, angalia nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti), ila ilinganishe juani, rangi hupauka na gari mbili za kodi moja zinaweza kuwa hazifanani.

Kwenye rangi uliza inaishia wapi. Rangi za metaliki na za lulu ni ngumu kupatanisha, kwahiyo fundi mzuri anaweza kukuambia atafifisha rangi mpaka kwenye paneli ya jirani ili jicho lisione mpaka. Hiyo inaongeza gharama na ni halali kabisa, anayelipa asidhani anaibiwa. Kwa nyeusi ya kawaida au nyeupe isiyo na metaliki mara nyingi haihitajiki, na hapo unaweza kuuliza kwa nini.

Sensa na rada, uliza kama gari yako ikishafunguliwa bampa inahitaji kalibresheni, yaani kupangwa upya ili zione pale zinapotakiwa kuona. Gari nyingi zinahitaji, na ni kazi inayotaka vifaa, gereji ndogo nyingi haina na wala haitakuambia. Tena puti nyingi au rangi nene mbele ya rada au juu ya sensa inaweza kuzifanya zisisome vizuri. Ukisahau hili utatengeneza gari ipendeze alafu siku unabadili njia haikuonyi.

Mwisho uliza: mkifungua mkakuta kingine itakuwaje? Jibu unalolitaka ni "tutakupigia, tutakutumia picha, hatutaendelea mpaka ukubali." Liandikwe kwenye karatasi.

BIMA AU MFUKONI

Chukua mkataba wako uangalie vitu vitatu: bima yako ni ipi, eksesi ni kiasi gani (kile unachochangia mwenyewe kila unapodai), na una punguzo gani la kutodai (bei ya bima inayoshushwa kwa sababu hujadai chochote).

Kama una ile ya kulinda watu wengine tu, yaani thadi pati, ujue gari yako haimo. Ukigonga wewe, bima kawaida inamlipa uliyemgonga na yako unajitengenezea. Ukigongwa, unamdai aliyekugonga au bima yake. Mwenye bima kubwa, ile inayolinda na gari yako mwenyewe, anaweza kutumia yake hata kama kosa si lake, kampuni yake ikamfuata yule mwingine na pengine ikarudisha hata eksesi, lakini hiyo inawezekana tu kama una namba za yule mtu, ndo maana nimesumbua sana kuhusu picha.

Sasa hesabu. Tuseme bili ya gereji ni 130 na eksesi yako ni 100, weka hela yoyote. Bima itakutolea 30. Umekuwa ukilipia bima 200 kwa mwaka kwa sababu ya punguzo, ukidai punguzo linashuka, mwaka ujao unalipa 250, mwaka unaofuata 225, alafu unarudi 200. Umechukua 30 umepoteza 75. Hapo lipa mfukoni. Chukua bili nyingine ya 600, taa imevunjika na rada imekufa, bima inatoa 500 na wewe unapoteza ileile 75, hapo dai bila kufikiria mara mbili, ndo kazi ya bima hiyo. Namba zako zitakuwa tofauti kwahiyo piga simu uulize moja kwa moja "nikidai mwaka huu, mwaka kesho nitalipa ngapi?", wanalo jibu. Kuna bima zina ulinzi wa punguzo, dai moja halikugusi, na kuna ambazo kosa likiwa la mwenzako halikushushi. Uliza.

Ukilipwa na bima ya mwenzako kaa macho kwenye mambo mawili. La kwanza ni makato ya uchakavu, wanaweza kukata asilimia kwenye spea mpya kwa sababu gari yako ni ya zamani, uliza mapema ili ujue kama kuna kipande utakijazia mwenyewe. La pili ni ile fomu ya kumaliza madai. Ukisaini umesema nimelipwa yote na sidai tena. Usiisaini gari ikiwa bado haijafunguliwa, na kama inawezekana usiisaini mpaka umeipokea na umeizungusha. Siku ambazo hukuwa na gari, nauli ulizotumia, hivyo navyo sehemu nyingi unaweza kudai, tunza risiti hata za safari ndogo.

Gari ya kazini au ya kukodi, usielewane na mtu yeyote. Mjulishe mwenye gari palepale. Mikataba ya kukodi ina eksesi yake na masharti yake, na ukitengeneza kimyakimya kwa fundi wako unaweza kulipishwa tena wakati wa kurudisha gari.

MKIAMUA KUMALIZANA WENYEWE

Inawezekana vizuri tu na mara nyingi ndo njia bora kwa kitu kidogo, ila andikeni. Meseji inatosha kabisa mradi wote wawili mmejibu. Mi siku hizi natumia maneno kama haya:

"Leo tarehe fulani saa fulani, pakingi ya sehemu fulani, gari yangu namba fulani na yako namba fulani ziligusana. Kwangu kilichoonekana ni mkwaruzo na mlegeo wa bampa ya nyuma kushoto, picha nimekutumia. Tumekubaliana gari ifunguliwe ikaguliwe, nikutumie makadirio ya gereji mbili, na utalipa gereji moja kwa moja kabla ya tarehe fulani. Kikigundulika kingine kilichosababishwa na ajali hii tutaangalia pamoja kabla hakijatengenezwa. Tukimaliza nitakuandikia kuwa sikudai tena. Kama unakubali jibu NAKUBALI pamoja na jina lako."

Hakuna aliyekiri kosa kwenye maneno hayo, ila yanasema nani analipa, na kama bima yako inakataza hata hilo basi wapigie kwanza.

Kulipa gereji moja kwa moja ni bora kwa wote wawili. Aliyegongwa anapata gari iliyotengenezwa, aliyegonga anajua hela yake imeenda kwenye bampa na amepata risiti. Mkitumiana kwa simu au benki andika kwenye maelezo ni ya nini, na anayepokea aangalie salio lake mwenyewe, asiamini meseji au skrinshoti anayoonyeshwa, hizo zinatengenezwa kirahisi sana. Anayelipa kwa awamu andikeni tarehe za kila awamu. Na ukimaliza kulipa dai ile meseji ya "sikudai tena", ukae nayo miaka.

We ndo umegonga na unaona bei imepaa? Una haki ya kuomba mchanganuo, kuomba makadirio ya gereji nyingine, na kuomba spea za zamani uzione. Gereji ya kupeleka gari ni yeye mwenye gari anachagua, usimlazimishe kwa fundi wako wa chini ya mti, ila usilipie na rangi ya gari nzima kwa kona moja. Na kama amebadilika, anakutisha, analeta watu, acha kuongea naye hela, mwambie tuendelee kupitia bima na polisi, basi.

Umegonga gari na mwenyewe hayupo? Msubiri kidogo, muulizie kwa mlinzi, ukimkosa acha karatasi kwenye waipa yenye jina, simu na namba ya gari yako, ipige picha ikiwa pale. Kuondoka kimya ni kosa la kisheria nchi nyingi hata kama ni mkwaruzo tu, na zaidi ya sheria, kuna mtu atatoka dukani amechoka akute gari yake imeharibiwa na hajui amdai nani. Mi nimekuwa mtu huyo, inauma.

HELA HAIPO SASA HIVI, NINI KISUBIRI

Taa, indiketa, taa za breki, kioo cha pembeni, tairi inayogusana na fenda, kipande chenye ncha kinachoning'inia, majimaji yanayovuja chini, hivyo havisubiri hata siku moja. Kinachofuata ni chuma kilichobaki wazi. Chuma kinaanza kutu haraka hasa ukiwa sehemu ya unyevu, kwahiyo hata kama huna hela ya kupiga rangi safisha, msasa laini kidogo, praima na rangi ya kalamu ya kodi yako, haitapendeza ila itakununulia muda. Plastiki haipati kutu. Bampa yenye mkwaruzo ambayo ndani imekaguliwa iko salama inaweza kukaa mwaka mzima ukijikusanya. Ufa mdogo kwenye plastiki unachomelewa, sio lazima kununua mpya.

SIKU YA KUCHUKUA GARI

Nenda mchana, jua lipo, gari iwe imeoshwa na imekauka, usiichukue jioni chini ya taa ya gereji. Usimalizie malipo kabla hujazunguka. Simama mbali kama hatua tano uangalie rangi kwa pembeni, metaliki inajisaliti ukiangalia kwa upande. Linganisha upenyo wa kushoto na wa kulia. Pitisha kidole kwenye mipira ya vioo na ndani ya kingo za mlango kuona kama rangi imerukia huko. Washa taa zote, tia rivasi mwambie mtu asogee nyuma taratibu upande mmoja mmoja usikilize kila sensa, angalia mistari ya kamera kama imenyooka, na uone dashibodi haina taa ya onyo. Fungua na funga buti mara kadhaa. Alafu omba risiti yenye mchanganuo, dhamana ya kazi kwa maandishi, na spea za zamani kama ulizilipia mpya.

Rangi mpya iliyopigwa gereji inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Waksi isubiri angalau siku 30 hivi au kadri fundi atakavyokuambia, na zile mashine za kuoshea zenye brashi ziache kwa muda huo, osha kwa mkono na maji mengi. Mvua ya kwanza ikinyesha inua zulia la buti upapase chini, kama pana unyevu rudi gereji siku hiyohiyo na ile karatasi ya dhamana.